Breki za Mzee Bakari

Leo nimeadhirika. Tena si kule kuadhirika kwa kuonwa na mtu mmoja, ukainamisha kichwa ukapita. Nimeadhirika mbele ya Moa nzima, mchana kweupe, nikiwa ndani ya kanzu mpya.

Salimu na Ramadhani, nawaandikia kabla jua halijatua kwa sababu moja tu. Lori la samaki lililokuwa likienda Horohoro mpakani lilisimama kunitazama, na utingo wake alipanda juu ya matenga ili aone vizuri. Kesho habari itakuwa imevuka mpaka na kuwafikia hapo Mombasa, na itafika imetiwa chumvi. Afadhali muipate kwangu, ingali mbichi.

(Nimekaa uani juu ya ndoo iliyofudikizwa, karatasi iko gotini. Mama amenikataza kuingia ndani. Sababu mtaijua.)

Basi. Asubuhi ya saa tatu nilikuwa kwenye kibanda changu cha ufundi hapa Mabawa. Mnakikumbuka: mabati manne juu, ukuta wa udongo upande mmoja, mlimao upande wa pili, na katikati nafasi ya gari moja. Nikasikia gari linakuja. Nililisikia kabla sijaliona, maana kila lilipokanyagwa breki lilitoa mlio kama mtu anayeburuta mfuniko wa sufuria kwenye saruji. Nikajua ni gari lile kuukuu la kabla ya vita, la Mzee Bakari wa Moa, mfanyabiashara wa mbata, zile nazi zilizokaushwa.

Hapa nawajua, mmeshaanza kutazamana. Ndiyo, Mzee Bakari huyohuyo, baba yake Mwanahawa.

Kwa Ramadhani, ambaye alikwishaondoka Tanga wakati ule: miezi miwili iliyopita Mzee alipita kwangu kutia maji kwenye rejeta, na binti yake alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Nilitia maji. Nikamwona. Nikaendelea kutia maji. Binti akatoa kichwa dirishani akasema kwa upole, "Fundi, imejaa." Nilikuwa namwagia viatu vyangu. Maneno yenyewe ni hayo mawili tu, na miezi miwili hii nimeyasikia kila nilipoweka kichwa kwenye mto.

Leo hakuja naye. Nilimwamkia Mzee, akaitikia, akanieleza shida. Gari linalia, na pedeli ya breki inashuka mpaka karibu na sakafu kabla gari halijaanza kufikiria kusimama. Nikamwomba aliendeshe polepole mpaka pembeni mwa barabara na kurudi, mimi nikatembea ubavuni huku nimeinama, nimetega sikio kama mganga. Nikagusa vikombe vya magurudumu ya mbele, vilikuwa vya moto. Nikamwambia kwa sauti nzito (mnaijua sauti yangu ya kazi) kwamba breki za mbele zimekwisha, kulia na kushoto.

Mzee akaliingiza gari kibandani, pua imeelekea barabarani. Nikaanza na gurudumu la upande wa ukuta. Nikapiga jeki, nikalegeza nati, nikatoa gurudumu, kisha nikaitoa ngoma, lile bakuli la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mnakaa viatu viwili vya breki vilivyopinda kama mwezi mchanga, na juu ya kila kiatu hubanwa bitana, lile gamba gumu linalosugua ngoma mpaka gari lisimame. Bitana ilikuwa imelika yote. Vichwa vya misumari ya shaba vilikuwa nje, vinakwaruza chuma kwa chuma. Nikamwonyesha Mzee. Akatikisa kichwa kwa huzuni, kama aliyeonyeshwa jino lake mwenyewe.

Nikakata bitana mpya vipande vinne, viwili vya gurudumu hili na viwili vya lile, nikakaa chini kupigilia viwili vya kwanza.

Kosa lilianzia hapo. Kazi ya kupigilia misumari midogo ya shaba ni tamu mno kwa mtu kama mimi. Nyundo inasema tik, tik, tik. Upepo wa baharini unapita kwenye mlimao, kivuli chake kinacheza juu ya mikono yako. Msumari wa kwanza nikanunua kiwanja Moa. Wa pili nikasimamisha nguzo za nyumba. Wa tatu nikaezeka makuti. Wa nne nikapaka chokaa ukuta wa barazani, mweupe, ule unaoumiza macho saa sita. Kufika wa nane nilikuwa nimekaa kwenye baraza hilo, jua limelegea, na ndani mtu anapekua kanga zake sandukuni huku anaimba chinichini, na harufu ya karafuu inakuja mpaka nilipo. Sikuwa na haraka na jambo lolote duniani.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, siwafichi. Nilisugua ngoma kwa msasa, nikapangusa kila kitu, nikarudisha viatu, ngoma, gurudumu. Adhuhuri ikaadhiniwa. Tukaenda msikitini pamoja.

Mzee alimaliza kuswali akatoka. Mimi nilibaki nimeegemea nguzo. (Nilikuwa naomba dua. Baadaye nikawa naomba dua huku nachagua mlango wa kuchonga.) Niliporudi kibandani Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi anakunywa kahawa. Akanieleza kwamba lori la mkonge lilitaka kupita, akalisogeza gari kidogo kisha akalirudisha. Nikaitikia vizuri tu. Nikachukua spana, nikaenda moja kwa moja kwenye gurudumu la pili, la upande wa mlimao.

Nikalifungua. Nikatoa ngoma. Nikashika kiuno.

Bitana zilikuwa nene, hazina hata mkwaruzo. Misumari imelala ndani yake inang'aa kama meno ya mtoto. Ngoma imesuguliwa laini. Sijapata kuona gari kuukuu lenye breki nzuri namna ile.

Nyinyi mmeshajua. Mimi nilikuwa sijajua.

Nikamwita Mzee, nikamwambia kwa furaha kwamba nilikosea, upande huu hauna ubaya wowote, ni kama mpya. Tena nikamsifu fundi aliyeufanya kabla yangu. Nikasema huyo ni mtu anayeijua kazi, mtu wa kutulia. Mzee akauliza kama nina hakika. Nikamwambia aguse mwenyewe. Akagusa. Akasema alhamdulillahi. Nikafunga gurudumu, nikaviweka vipande viwili vilivyobaki juu ya rafu.

Ndipo Mzee aliposema neno lililoniyeyusha. Alisema twende wote mpaka Moa, mimi niendeshe, yeye akae pembeni azisikilize breki. Nikishafika nile chakula kwake, kisha nitafute usafiri wa kurudi.

Chakula kwake. Nilikimbia nyumbani, nikajimwagia maji, nikatoa sandukuni ile kanzu niliyoshona kwa ajili ya Idi. Mama akaniuliza naenda kutengeneza gari gani kwa kanzu. Nikamwambia naenda kujaribu breki.

Tulipotoka mjini nilikanyaga breki mara ya kwanza karibu na soko. Gari likalia uleule mlio wake, tena likavuta upande wa kulia, kama mbuzi aliyeona majani. Mzee akanitazama. Nikamwambia bitana mpya lazima ziimbe siku mbili tatu mpaka zizoeane na ngoma. Maneno hayo ni kweli, mafundi wote watawaambia. Kwa gari lile tu hayakuwa kweli. Mara ya pili likavuta tena kulia. Nikamwambia ni barabara.

Baada ya hapo barabara ikawa tupu, na sikuhitaji breki kwa muda mrefu. Mashamba ya mkonge yakaanza. Mnajua jinsi ile mistari inavyokuwa ukiipita kwa gari: mmoja unajifungua, unakuonyesha mpaka mwisho wa dunia, unajifunga, mwingine unajifungua. Vumbi jekundu linabaki nyuma, mawingu meupe yamesimama juu ya bahari usiyoiona, ila unaijua ipo kwa upepo wake. Mzee alikuwa akizungumza juu ya mbata na mvua. Sauti yake ilikuwa inanifikia kutoka mbali, laini. Mimi nilikuwa nimesharudi barazani kwangu. Safari hii tulikuwa tumekaa wawili, mimi na Mzee Bakari, na watoto wanachezea kofia yake.

Mzee akaniuliza kitu. Nadhani aliniuliza kama nasikia njaa.

Nikajibu, "Naam, baba mkwe."

Nilikisikia kinywa changu kikisema. Nikashika usukani kwa mikono miwili, macho mbele. Mzee aligeuza uso taratibu akatazama mkonge kwa maili nzima. Nikajifariji kwamba injini ya gari kuukuu ina kelele nyingi, na mtu wa makamo yale masikio yake yamechoka.

Hivyo ndivyo tulivyoingia Moa.

Mahali penyewe nitawaeleza muone. Barabara inashuka kidogo kuelekea kijijini. Kushoto nyumba. Kulia majani, kisha chini yake tope la pwani lenye mashimo ambamo wanawake wamefukia makumbi ya nazi yaoze ili wapate nyuzi za kamba. Makumbi yakikaa miezi kadhaa kwenye tope yananuka namna ambayo haina jina. Leo ilikuwa siku ya kuyafukua. Wanawake wapata ishirini walikuwa pale chini, wengine wamezama tope mpaka magotini, wengine wanapondaponda makumbi kwa marungu.

Katikati ya barabara walilala mbuzi watatu.

Nikakanyaga breki. Kwa nguvu.

Gurudumu la kulia likashika. Wallahi lilishika, sijapata kuona breki inashika hivyo. La kushoto likalia, likaendelea na safari zake. Gari likazunguka kulia kama mtu aliyeitwa jina lake, likaiacha barabara, likaingia kwenye majani na kuanza kushuka. Halikwenda kasi. Ingekuwa kasi ningekuwa na la kujitetea. Lilikwenda polepole, kwa adabu, majani yakilala mbele yetu na kunyanyuka nyuma yetu. Wanawake walituona tukija, wakapata muda wa kutosha wa kusogea na kukusanya marungu yao. Mmoja aliinua kapu lake, akatupisha, akaliweka tena chini. Kisha pua ya gari ikaingia kwenye tope na sauti ndogo ya kunyonya, gurudumu la mbele la kulia likazama lote, la kushoto likabaki juu kwenye ukingo, na injini ikazima.

Mlango wangu ulikuwa umefunguka kwa mtikisiko. Mimi nikatoka taratibu, kwa upande, nikakaa topeni mpaka kiunoni, na kanzu yangu ikaelea pembeni kama yungiyungi.

Mzee alikuwa amebaki kitini, amejishikilia, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi. Hakuumia, wala mimi. Mbuzi hawakuamka.

Katika wanawake wale akatoka mmoja, amefunga kanga kifuani na nyingine kichwani, mikono tope mpaka viwikoni. Alikuwa Mwanahawa. Alimsaidia baba yake kushuka kwa upande wa ukingo, akahakikisha ni mzima. Kisha akainama kulitazama gurudumu la kushoto lililobaki juu, akapitisha kidole kwenye nati, akakitazama kidole.

"Baba, fundi amefungua magurudumu mangapi?"

Mzee akanigeukia. Nikasema kutoka topeni, "Mawili."

"Hili hakuligusa," Mwanahawa akasema. "Nati zina kutu, na udongo wa masika bado umeganda. Mimi mwenyewe nimeliosha gari hili, naujua."

Nilitaka kubisha. Nikafungua kinywa. Wakati uleule nikaliona gurudumu la upande wa mlimao kwa macho ya kichwa changu, na juu yake, nyuma ya dirisha, nikaona kitu ambacho mchana nilikitazama nisikione: usukani. Mara ya kwanza nilifungua gurudumu la upande wa usukani. Mara ya pili pia. Mzee alipolirudisha gari baada ya lori kupita, aliliingiza kwa pua, si kinyumenyume kama asubuhi. Kulia kukawa kushoto, mimi nikalifungua gurudumu lilelile, nikajisifu mwenyewe bila kujijua.

Mzee akasema, "Athumani. Zile breki nzuri ulizonigusisha, alizitengeneza nani?"

"Mimi, Mzee."

"Na yule fundi wa kutulia?"

"Mimi."

Akavua kofia, akaikung'uta tope, akaivaa. Wanawake wote walikuwa wameacha kuponda. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Sasa wewe unaniita baba mkwe. Nikikupa mke, nyumba utaijua ni ipi?"

Siwezi kuwaeleza kile kicheko. Kilianza kwa bibi mmoja mzee aliyekaa chini na rungu lake, kikapita kwa mwingine, kikapanda mpaka barabarani ambako lori la samaki lilikuwa limeshasimama. Hapo ndipo Moa nzima ilipojua kwa mara moja mambo mawili: kwamba sijui kulia na kushoto, na kwamba namtaka Mwanahawa. Yeye mwenyewe alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Nilitamani tope linimalize.

Walileta kamba, ndefu, mpya, walizozisokota wenyewe. Wakavuta wanawake, wakavuta watu wa lori, nikasukuma mimi kutoka topeni, upande wa pua, na kila kilichorushwa na magurudumu kilinipata. Gari likatoka. Mimi nikabaki nanuka kama nilivyo sasa.

Nilipokuwa najimwagia maji kisimani, Mzee Bakari akaja peke yake, akasimama kando. Sikuweza kumtazama. Akaniuliza polepole, lile lori lilipokuja, ni nani aliyeligeuza gari.

Wenzangu, jibu lilikuwa mdomoni. Ningelitoa pale juu, mbele ya wote, nusu ya kicheko ingehamia kwake. Lakini nilimwona mtu mzima aliyetoka kuvutwa topeni mbele ya majirani zake. Na kwa kweli, fundi asiyeona usukani halaumu mtu mwingine.

Nikasema, "Sikumbuki, Mzee."

Akanitazama sana. "Hukumbuki."

"Sikumbuki."

Akakohoa. Akachukua kata mkononi mwangu, akachota maji, akanimwagia kichwani mwenyewe, kata moja, mbili, tatu. Kisha akaniambia nije Jumamosi nimalize gurudumu la kushoto. Akaanza kuondoka. Akasimama, akasema bila kugeuka kwamba nikija niongozane na wazee wangu, na vijana wawili wenye akili, kwa kuwa mambo mengine hayazungumzwi na fundi peke yake.

Chakula nililetewa nje, samaki wa nazi na wali. Aliyeleta sinia, Mwanahawa mwenyewe, aliliweka chini, akarudi nyuma hatua tatu kwa ajili ya harufu, akasema, "Fundi, mkono wa kulia ni huo." Nikala wali wote.

Kwa hiyo nawaombeni, Salimu na Ramadhani, chukueni ruhusa Ijumaa mje Tanga. Mimi nahitaji vijana wawili wenye akili na sina wengine. Ila chekeni kwanza huko huko Mombasa, mmalize kabisa, ndipo mpande basi.